Aliyenikanyaga kwa kamyo anakuja kuposa, na msemaji ni mimi

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu mlifiche vizuri, maana Kamembe ni ndogo. Nina miaka hamsini na mbili, mke, watoto wanne, na mguu mmoja unaofanya kazi. Ule mwingine ninautembeza tu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye yadi moja ya nguzo na transfoma za umeme. Kamyo ikirudi nyuma, lazima mtu asimame amwongoze shofere kwa mkono. Mtu huyo nilikuwa mimi. Siku hiyo shofere alikuwa anaongea na simu. Nilipiga kelele, nikagonga bodi kwa ngumi, yeye anarudi tu. Tairi likapita juu ya mguu wangu.

Mguu nilishausamehe, hata zamani sikuwa mchezaji wa mpira. Nisichosamehe ni raporo, ile ripoti ya ajali. Nikiwa kitandani hospitali, shofere alimwambia shefu wa yadi kwamba nilikuwa nimelewa, ikaandikwa hivyo. Mimi, ambaye nikinusa tu urwagwa, pombe ya ndizi, napiga chafya! Kazi ikaisha, habari ikafika kanisani, wakanivua ushemasi. Miaka sita nakaa benchi la nyuma, wananiangalia kama chupa.

Sasa jirani yangu anaoza binti yake Jumamosi. Ameniomba niwe msemaji wa familia, kwa sababu mdomo haukukanyagwa. Desturi yetu mnaijua: msemaji anawazulia wageni makosa ya uongo, wanaomba msamaha, watu wanacheka, ndipo binti anatolewa. Nikauliza bwana arusi ni mtoto wa nani. Wa yule shofere!

Juzi shofere mwenyewe alikuja kwangu na mfuko wa sambaza, vile visamaki vya ziwani. "Papa, Jumamosi utatuhurumia? Yale ya kamyo tuliyamalizaka."

"Mliyamaliza na nani? Mimi nilikuwa hospitali."

Akacheka. "Weye na mizaha yako!"

Mke wangu hakucheka. Mgeni alipoondoka akaniuliza, "Hao batoto banaooana bamekukosea nini?"

Hawajanikosea. Lakini nimeshapanga. Nitaanza na ng'ombe wao waliokula mahindi yetu, watu wacheke. Halafu nitamgeukia shofere mwenyewe, mchungaji wangu akisikia: "Ile siku nilikuwa nimelewa, ndiyo au hapana?" Nataka atoe jasho ndani ya suti. Nataka aombe msamaha wa kweli, magoti chini. Hata nikisali naiona picha hiyo, nafurahi.

Akikana tena, binti simtoi, na wawili wanaopendana wataumia bure.

Nishaurini, nimuulize au nimeze? Ila wewe utakayeniambia nisamehe, niambie kwanza: ni nani atakayeliambia kanisa kwamba sikulewa?