Miche ya Sajini

Tuliporudi Midia, kijijini kwetu, kutoka ukimbizini, ng'ambo ya mpaka, mume wangu alirudi na vitu viwili: cheo cha sajini wa jeshi lisilokuwepo tena, na turubai la kambini. Vyote viwili alivitumia kwenye kitalu changu cha tumbaku.

Kaka yangu alikuwa ametupa shamba kwa msimu mmoja. Alisema tukililima vizuri litakuwa letu, tukishindwa atampa mwingine. Mbegu nilikuwa nayo kikopo kimoja tu.

Kwetu kitalu hufunikwa kwa nyasi. Mbegu zikishaota unazipunguza nyasi kidogo kidogo, kila siku jua linaingia zaidi, hadi miche inazoea. Hilo hata mtoto wa Midia analijua. Sajini hakulijua. Alizitupa nyasi zangu, akatandaza turubai juu ya vijiti, akakaza kamba kama anayempigia mkuu wa kikosi hema.

"Baba watoto, fungua kidogo," nilimwambia. "Miche inataka jua."

"Jua ya hapa iko kali, itaua yote. Mimi nilisimamisha watu mia kwa laini, sasa wewe unafundisha mimi majani? Hakuna mutu kugusa. Hiyo ni amri."

Basi, nikamwacha. Nilimdharau kiasi kwamba kubishana naye niliona ni kujishusha.

Miche ikarefuka upesi, myembamba, ya manjano, yote imelalia upande mmoja palipokuwa na upenyo wa mwanga. Bwana mkubwa akaita majirani waje waone urefu! "Angalia, iko nasimama kama gwaride." Gwaride la wagonjwa, nilijisemea, nikacheka moyoni.

Siku ya kuihamishia shambani alivua turubai saa nne asubuhi, jua limeshawaka. Kufika alasiri miche yote ilikuwa imelala chini, imebabuka. Akasema mbegu ilikuwa mbovu. Kaka yangu alikuja, akatazama, akaenda zake. Msimu uliofuata shamba lilikuwa la jirani.

Wanaokumbuka kisa hicho bado humcheka sajini, nami huwaacha wacheke. Anastahili. Lakini siku zile kila asubuhi alikuwa akienda Oraba, mpakani, kupiga soga na wabadilisha fedha, harudi hadi jioni. Kutwa nzima nilikaa hatua tano kutoka kitaluni. Kamba zilikuwa nne tu. Sikufungua hata moja, nilitaka aaibike.