Radi iliua maksai wake wanne, akakataa kwenda kutajiwa mchawi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Milembe Ngassa anaachia plau mkono mmoja ili amsalimie mgeni.

"Mwangaluka," anasema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kisha anageuza sikio la kushoto kusubiri jibu. La kulia halisikii tangu Novemba mwaka jana.

Mbele yake maksai wawili wamesimama, kwato zimezama kwenye udongo mweusi wa Migato, wilayani Itilima. Mvua ya jana imelainisha shamba. Nyuma ya plau anatembea bibi mwembamba aliyejifunga kaniki, anadondosha mbegu za mahindi kwenye mfereji, moja moja, bila haraka.

Milembe ana miaka 46. Ni mjane, mama wa watoto wanne, na anaishi kwa kulimia watu mashamba kwa Sh50,000 ekari moja. Huku wengi huiona kazi hiyo ni ya wanaume.

"Mume wangu alipofariki, ng'ombe walibaki na plau likabaki," anasema. "Aliyekosekana ni mtu wa kulishika tu. Nikalishika."

Kwa miaka saba alilima na maksai wake wanne, na msimu mzuri alifikisha ekari 30. Kabla ya kufunga nira alisali kwa sauti, hadi wenye mashamba wakazoea kuvua kofia na kusubiri amalize.

Halafu ikaja ile alasiri ya Novemba.

Wingu lilikuwa mbali, upande wa Serengeti, na juu ya shamba jua lilikuwa bado linawaka. Milembe alibakiza mistari sita. Alikuwa ameshika plau kwa mikono miwili upepo ulipovuma ghafla ukamvua khanga ya kichwani.

"Nikaacha plau, nikaikimbilia. Nilikuwa nimeinama kuiokota. Ngurumo sikuisikia. Niliona weupe tu, kila mahali weupe."

Alipozinduka alikuwa amelala kifudifudi, hatua kama ishirini kutoka kwenye plau. Maksai wote wanne, waliofungwa kwenye mnyororo mmoja, walikuwa wamelala walivyokuwa wamepangwa, wawili mbele na wawili nyuma, nira bado shingoni. Hakukuwa na damu hata tone.

"Niliwaangalia, nikaangalia mikono yangu. Punde tu kabla ya hapo ilikuwa imeshika chuma cha plau." Anatazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. "Upepo ule ulitoka wapi? Mwaka mzima najiuliza."

Kesho yake asubuhi shemeji yake Bujiku, mdogo wa marehemu mumewe, alifika na wanaume watatu. Bujiku ni mfugaji anayeshika mila za wazee, na kwake radi haiji bila kutumwa. Alimtaka Milembe aende kwa mganga akatajiwe aliyeituma.

Jina lilikuwa tayari linazunguka kijijini. Ni la Bibi Kabula, jirani yake, mwanamke wa karibu miaka 80 aliyekuwa akiishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Hata jina hilo, ambalo Wasukuma humpa binti aliyezaliwa wakati wa mvua, lilifanywa ushahidi.

Kila aliyekuwa uani pale alijua yanayoweza kumpata mwanamke mzee akishatajwa.

"Nikamwambia, shemeji, nikienda huko nitarudi na jina la mtu. Jina hilo nitaliweka wapi? Mungu aliyenitoa kwenye plau anajua ilitoka wapi radi. Mimi sihitaji kujua."

Bujiku anakumbuka alivyomjibu, na hafichi. "Nilimwambia, basi kaa na Mungu wako, tuone kama atavuta plau."

Milembe hakuishia kwenye maneno. Mchana huohuo alikwenda kwa Bibi Kabula, akakunja mkeka wa bibi, akabeba chungu chake, akamwambia, twende ukae kwangu.

"Nilimwuliza, mwanangu, wewe huniogopi?" anasimulia Bibi Kabula, mbegu za mahindi zikiwa bado mkononi. "Akasema, bibi, shika hiki kikapu, mimi nimebeba chungu. Basi nikashika."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Milembe na bibi walilima kwa jembe la mkono, ekari moja na nusu tu. Waliokuwa wakimwita awalimie wakaanza kupita njia nyingine. Binti yake mkubwa, aliyeolewa huko Nyalikungu, wilaya jirani, alimpigia simu akilia, akimwomba amtoe yule bibi nyumbani.

Kisha kikaja kitu ambacho Milembe hakukitegemea. Alishindwa kusali.

"Nilipiga magoti, maneno hayaji. Nilimwamini, lakini nilikuwa kama nimekaa na mtu tusiyesemeshana. Nikawa nasema neno moja tu: Nipo. Asubuhi, nipo. Jioni, nipo. Nikanyanyuka nikaenda kulima."

Katekista wa kigango chao, Athanasi, alipita kumwona akasikia sala hiyo. "Nina miaka 19 kwenye kazi hii," anasema. "Nilikwenda kumfundisha kuvumilia. Na mimi siku hizi huanza sala zangu hivyo."

Mwishoni mwa Januari, saa za asubuhi, Bujiku alirudi. Safari hii alikuwa peke yake, anaswaga maksai wawili. Aliwafunga kwenye mti wa uani, akasimama.

"Nilisubiri radi ya pili, haikuja," anasema Bujiku, akichora ardhini kwa fimbo. "Nikasubiri yule bibi amdhuru, nikaona wanapalilia pamoja wanacheka. Mimi si mtu wa kanisani. Lakini niliogopa. Si kuogopa uchawi. Niliogopa kile kilichokuwa pamoja nao pale nyumbani."

Alimwambia Milembe alime na maksai hao msimu ule. Huu ni msimu wa pili, na hajaja kuwachukua.

Si yote yaliyonyooka. Zipo nyumba mbili ambazo mpaka leo hazimruhusu Bibi Kabula kuchota maji kisimani kwao. Binti wa Nyalikungu ameanza kupiga simu tena, ila hajaja. Na ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, Milembe hufungua nira na kuwaondoa wote shambani. Kumtegemea Mungu, anasema, si kumjaribu.

"Nikiisikia natetemeka mwili mzima. Hilo halijaniacha. Natetemeka, na namwambia, nipo."

Pasaka ijayo Bibi Kabula atabatizwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, na Milembe ndiye atakayekuwa mama yake wa ubatizo, ingawa kwa umri angekuwa bintiye. Tayari amemnunulia kitambaa cheupe, na anatafuta fundi atakayekishona bila kuuliza maswali mengi.

Lakini ana tumaini jingine, na analisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa upande wa boma la shemeji yake. Amemwalika Bujiku kanisani siku hiyo. Bujiku amejibu kwamba atakuja ikiwa ng'ombe watakuwa wameshakunywa maji.

"Siombi aingie mpaka mbele," anasema Milembe, akishika tena plau. "Hata akisimama mlangoni."