Kibao cha Ng'ambo ya Daraja

Siku halmashauri ilipopitisha sheria ndogo ya pikipiki za magurudumu manne, Fundi Vibao alikuwa karakanani anapaka rangi kibao cha "Punguza Mwendo". Alipopewa habari hakuuliza swali hata moja. Aliitikia, akachovya brashi, akaendelea na herufi aliyokuwa nayo. Tangu mkewe afariki alikuwa hivyo. Ungemwambia nyumba yake inaungua, angekushukuru kwa taarifa.

Pikipiki hizo watu walizibatiza jina la kobe, kwa kebehi tu, maana hakuna kobe aliyewahi kukimbia namna ile. Zilianza kwa wafugaji wa ng'ambo ya mto, ambako barabara ni za udongo na mvua ikinyesha hakuna gari dogo linalopita. Wafugaji walizitumia kwa heshima, kubebea majani na maziwa. Kisha vijana ambao baba zao wana uwezo wakazigeuza mchezo, wakawa wanashindana kwenye lami ya sokoni, mpaka mmoja wao akaivaa meza ya muuza nyanya na kumvunja mama wa watu mguu. Mikutano ya wakubwa haina haraka. Husubiri mguu uvunjike kwanza. Basi wakakaa, wakanywa chai, wakaamua. Kwenye barabara za udongo kobe wapite, lakini mchana tu, mwendo wa taratibu, mpandaji mmoja mwenye kofia ngumu, na kibendera chekundu kwenye fimbo ndefu ili dereva wa lori akione juu ya mahindi. Kwenye lami ni marufuku, kuanzia darajani mpaka mwisho wa soko.

Sheria isiyo na kibao ni porojo, na vibao vyote vya halmashauri vilikuwa kazi ya mtu huyu mmoja. Ndiye aliyekata bati, aliyepaka rangi, aliyechimba shimo na kumwaga zege. Alikuwa mwembamba, mpole, na mchache wa maneno tangu utotoni. Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya nyumba nzima. Yeye ndiye aliyewajua majirani na kugombana na wauza mkaa, na yeye ndiye aliyemcheka mumewe asubuhi alipoamka mkono umekufa ganzi kwa kuulalia. Alikuwa akiusugua huku akimtania kwamba mwanaume mzima halalamiki mkono ukifa, analalamika ukifufuka.

Mkewe alipougua hakukaa sana, akafariki. Fundi alimwandikia kibao cha kaburi kwa mkono wake mwenyewe, na waliofika kuzika wakasifu jinsi mistari ilivyonyooka, utadhani imetoka serikalini. Dada yake fundi alilia kwa sauti huku akimtazama kaka yake. Fundi alikuwa ameinama anaangalia kama rangi imechuruzika.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda kama kawaida, na hilo ndilo lililowatisha watu. Alikula, akaoga, akaenda kazini. Wasiomjua walisema amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Hakukuwa na kitu cha kujikazia.

Jambo moja tu lilibaki katika nyumba ile lenye dalili ya uhai, nalo lilikuwa baba mkwe. Mzee alifuga ng'ombe ng'ambo ya mto, goti lake lilikuwa limekwisha, na tangu binti yake aolewe alivuka daraja kila asubuhi juu ya kobe wake kumletea maziwa. Si kwamba sokoni maziwa yalikosekana. Binti alipokufa, watu walitarajia safari zile zikome. Hazikukoma. Asubuhi ya pili baada ya matanga kobe aliguruma langoni, mzee akaingia na kidumu chake, na fundi, asijue afanye nini kingine, akateleka chai.

Ikawa ndiyo desturi yao. Mkwe na mkwe huwekeana heshima, na heshima ikizidi hupunguza mazungumzo, kwa hiyo walikaa mezani kama wasafiri wawili wanaosubiri basi. Mzee akisema mvua imekataa, fundi alijibu imekataa kweli. Chai ikiisha, mzee aliosha kikombe chake mwenyewe, akakipindua dirishani kwa namna ambayo marehemu alipenda vikombe vipinduliwe, kisha akaondoka. Hakuna mtu mwingine aliyeingia nyumba ile na kukaa, na hakuna mtu mwingine ambaye mzee alikuwa na sababu ya kumtembelea.

Mhandisi wa halmashauri alipompa kazi ya vibao alikuwa na haraka zake. Alimwambia vingine viende sokoni na kikubwa kiwekwe darajani. "Pa kuchimba unapajua mwenyewe," alisema, akapanda gari.

Sasa daraja, kama kila daraja, lina ncha mbili. Nyumba ya fundi ndiyo ya kwanza ukishalivuka kuja upande wa soko, lango lake liko hatua chache tu kutoka ukingoni. Kibao kikisimama upande huu, mbele kidogo ya lango, kobe wa mzee angefika mpaka mlangoni na sheria ingekuwa haijavunjwa sana. Hakuna mheshimiwa ambaye angeshuka na kamba kupima. Kikisimama ng'ambo, mzee angeishia ng'ambo. Lakini ufundi una adabu zake. Mtu huambiwa kabla hajaingia darajani, kwa sababu katikati ya daraja hakuna pa kugeuzia. Fundi alikuwa amesimamisha vibao maisha yake yote kwa adabu hiyo, na mikono yake iliijua kuliko yeye.

Akachimba ng'ambo. Alipiga sururu mpaka akafikia udongo mgumu, akasimamisha nguzo, akaweka pimamaji pande zote, akamwaga zege na kuishindilia kwa fimbo. Kibao akakivisha gunia mpaka siku ya sheria kuanza, maana hakupenda kibao kiseme kabla ya wakati wake.

Na alijua. Hapo ndipo penye ugumu wa kumweleza mtu huyu. Hakusahau wala hakupitiwa. Alijua kwamba kobe wa baba mkwe hatapita tena, alijua kama unavyojua kwamba kesho ni Jumatano.

Dada yake, aliyekaa nyumba ya tatu na hakuwahi kupita bila kubisha hodi, ndiye aliyemuuliza kaka yake kwamba mzee sasa atapita wapi. Fundi akamjibu kwamba sheria ni msumeno. Dada akamwambia kwamba ana kaka na ana gogo, na siku hizi hajui ni yupi anayemfungulia mlango.

Asubuhi ya mwisho kabla ya sheria, mzee alikuja kama siku zote. Alikuwa amepita kando ya lile gunia kwa siku kadhaa na bila shaka alikuwa ameuliza lina nini ndani. Walikunywa chai. Mzee alikaa kidogo zaidi ya kawaida, kikombe kikiwa kitupu mkononi, kama mtu aliyeahidiwa neno. Fundi akasema mvua huenda ikaja. Mzee akasema huenda. Akaosha kikombe, akakipindua, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri fundi alikivua kibao gunia, na asubuhi hiyo kobe hakuguruma. Maji yalikuwa yameshachemka kwa watu wawili. Alikunywa chai ya rangi akiwa amesimama, akaenda kazini. Siku nyingine vilevile. Wiki ikapita hivyo, kikombe kikiwa kimepinduliwa pale dirishani bila kuguswa, na fundi akaendelea kuchemsha maji ya wawili kwa sababu hakuwa ametafuta sufuria ndogo. Kama aliumia, hakuna aliyemwarifu.

Kisha dada yake akaingia asubuhi moja akitokea ng'ambo alikokwenda kununua kuku. Aliweka kikapu chini, akauliza kwa nini wanaume wawili wazima wanacheza mchezo wa kitoto. Fundi akauliza mchezo gani.

"Baba mkwe wako yuko chini ya kibao chako," dada akasema. "Yuko pale kila asubuhi, watu wote wamemwona. Anakaa juu ya kobe wake na kidumu cha maziwa, baadaye anageuza anarudi kwake. Mimi nilidhani mmepatana hivyo."

Fundi akatoka na sufuria ikiwa jikoni. Alivuka daraja bila kukimbia, maana hakuwa mtu wa kukimbia, lakini muuza magazeti aliyepishana naye alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona akitembea hivyo.

Mzee alikuwa pale kweli. Kobe ameegeshwa pembeni mwa barabara ya udongo, kibendera chekundu juu ya fimbo, kofia ngumu kichwani imefungwa kamba kidevuni, kila kitu kwa mujibu wa sheria. Kidumu alikuwa amekishika mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Fundi akasimama. Akauliza mbona hakumtuma mtu amwite. Mzee aliinua macho kukitazama kibao, chenye kobe aliyechorwa vizuri na mstari mwekundu juu yake.

"Hiki umekisimamisha wewe?"

"Mimi, baba."

"Mahali umechagua wewe?"

"Mimi."

"Basi." Mzee akashusha macho kwenye kidumu. "Mimi na wewe si watu wa maneno. Nikasema, mkwe wangu amechoka kuiona sura ya marehemu kwangu kila asubuhi, na haya inamzuia kuniambia. Ameniandikia kwa kazi yake. Nimeheshimu, sijavuka. Ila kuacha kuja nimeshindwa."

Fundi alifungua mdomo. Alitaka kutoa jambo kubwa, na alichokipata humo ndani kilikuwa kile kile cha siku zote.

"Baba, niliweka hapa kwa sababu katikati ya daraja hakuna pa kugeuzia."

Mzee akalitazama daraja, jembamba, na kuta zake mbili za zege. "Hakuna kweli," akasema.

Lori likapita likawapa vumbi. Lilipokwisha kuvuka, fundi alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imening'inia.

"Nilijua hutapita," akasema. "Nilichimba huku najua. Sikusikia kitu, baba. Tangu tumzike sisikii kitu chochote."

"Najua," mzee akasema. "Unadhani nilikuwa nafuata chai?"

Fundi akachukua kidumu kutoka mapajani mwa mzee. Akamwambia azime, aache kobe hapo hapo, ashuke, watembee. Mzee akamkumbusha habari za goti. Fundi akasema aegemee kwake. Wakwe hawa walikuwa wamepeana mkono siku ya harusi na siku ya maziko, na zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kumgusa mwenzake. Mzee alisita, kisha akaweka mkono begani, kwanza kwa vidole tu kama anayejaribu ukuta wenye rangi mbichi, halafu, goti lilipomsaliti, kwa uzito wake wote.

Wakaingia darajani. Sheria ya halmashauri haikuwa na neno juu ya wazee wanaotembea. Walikwenda polepole sana, baiskeli zikawapita, na walipofika katikati mzee akaomba apumzike. Pumzi yake ilisikika. Kofia ngumu alikuwa hajaivua, ikawa inagonga sikio la fundi.

Hapo bega la fundi likaanza kumuuma. Maumivu yalianza pale mkono wa mzee ulipokandamiza, yakapanda shingoni, yakafika kwenye taya, na kidumu kikaanza kutikisika mkononi hadi maziwa yakasikika yakipigapiga ndani. Akakumbuka mkewe alivyokuwa akimsugua mkono ulipokuwa ukifufuka, na alivyokuwa akicheka.

Mzee aliona. Akauliza kama amemlemea, akataka kuuondoa mkono.

"Hapana, baba," fundi akasema, na sauti haikuwa sauti yake ya kila siku. "Egemea tu."