Sufuria Iliyofungwa kwa Waya

Mama Laurentine, fundi cherehani wa Katuba, Lubumbashi, hamwamini mtu, na wala hakatai ukimwambia. Mteja akimletea kitambaa cha yunifomu na kusema ni mita tatu, anakipima mbele yake, halafu anakipima tena. Kwa hiyo binti yake Keren alipompigia simu kutoka Ufaransa kusema anataka kuolewa na Dominique, Mfaransa mmoja mpole, mama hakupiga vigelegele. Aliuliza swali la kiwanja, ambalo Lubumbashi nzima huuliza kabla ya posa.

"Parcelle yake iko wapi?"

"Iko na nyumba, Mama. Tunaishi mule."

Jibu hilo halikumtosha. Tangu siku hiyo, kila simu ya video alitazama kilicho nyuma ya mtoto kuliko uso wa mtoto. Jumapili, dirishani palionekana mnara wa kanisa. Jumatano mnara haupo, kuna miti iliyopangana ikichipua majani. Ijumaa kuna ukuta wa mawe uliolowa, karibu kiasi cha kuugusa. Na mara zote tatu Keren alisema yuko nyumbani. Laurentine aliandika yote nyuma ya kalenda ya parokia. Halafu siku moja Dominique mwenyewe akapita na kupunga mkono, mweusi tii mpaka kiwiko. Kwetu mikono ya namna hiyo ni ya wale wanaochoma nyaya za umeme walizoiba wapate shaba.

"Keren, toka inje. Zunguka nyumba, mione."

"Siwezi kuzunguka, Mama. Upande ingine iko mayi."

Ndipo ukweli ulipotoka. Nyumba ilikuwa mashua ndefu ya chuma, iliyowahi kubeba nafaka, na sasa ilitembea kwenye mfereji, maana mahali pengi haikuruhusiwa kukaa zaidi ya siku chache. Weusi ule ulikuwa lami. Baridi ilikuwa imeisha, na Dominique alikuwa akipaka ubavu wa mashua. Keren akaonyesha miche ya nyanya juu ya paa, kuni zilizoanikwa juani, na bata wanaogonga dirisha kwa midomo wakidai mkate.

Mama akazidi kushuku. Mtu asiye na parcelle hana jirani, na bila jirani utamuuliza nani kama anampiga mkewe? Mkigombana naye, anafungua kamba tu, anaondoka na mtoto wako.

Neno la mwisho lilikuwa la shemeji yake Léonard, mkubwa wa ukoo tangu mumewe Laurentine afariki. Jumamosi angeongea na Dominique, kisha angesema ndiyo au hapana. Léonard ni mtu wa nyumba na heshima. Miaka thelathini imepita na bado anasifu veranda waliyokaribishwa kwa kina Laurentine siku walipokwenda kumposea kaka yake.

Siku mbili kabla, Keren alipiga simu akiwa jikoni, sauti chini.

"Mama, tante ya Dominique, dada ya baba yake, iko na nyumba ya mawe. Tutaenda kule Jumamosi, siku moja tu. Papa Léonard ataona nyumba, itaisha."

Laurentine alitazama nyuma ya mtoto, kama kawaida yake. Mashua ilikuwa imeingia kati ya milango miwili ya mfereji, maji yanajaa, inapanda. Vikombe vilivyotundikwa vikayumba vyote upande mmoja. Ukingoni mwa rafu palikuwa na ubao mwembamba uliopigiliwa misumari, na sufuria kubwa ilikuwa imefungwa mshikio kwa waya, visianguke nyumba ikitembea.

Mama yake Laurentine alikuwa akifunga sufuria vilevile. Baba alitengeneza reli, na familia ililala ndani ya behewa lililovutwa kutoka kituo hadi kituo. Laurentine alizaliwa humo. Wakwe hakuwaambia kamwe. Nyumba yenye veranda, baba yake aliiazima kwa rafiki, kwa siku ile moja ya posa, na kwa miaka thelathini yeye aliitikia tu kila ilipotajwa. Ndiyo maana alishuku nyumba za watu. Alijua zinavyoazimwa. Aliona aibu.

"Musiende kwa tante," akasema. "Mubakie mule mule."

Jumamosi Léonard alikuja na tai shingoni. Salamu hazijaisha, akainamia simu, Dominique na Keren wakiwa jikoni mwa mashua.

"Parcelle yako iko wapi, mutoto?"

"Ngoja, Papa Léonard," akasema Laurentine. "Ile nyumba ya veranda haikukuwa ya kwetu. Baba aliomba kwa rafiki yake, siku moja. Siye tulikuwa tunaishi mu wagon. Huyu naye anaishi mu bateau. Mi sitaki adanganye sawa vile siye tulidanganya."

Léonard akavaa miwani, akasogeza simu karibu, akachunguza jiko lile, vikombe, rafu, mpaka akafika kwenye sufuria.

"Ile ameifunga na nini?"

"Na waya," akajibu Laurentine, kabla Keren hajafungua mdomo.

"Mumuambie afunge mara mbili," akasema Léonard. "Mutoto wetu anapika pale."