Bao Lililoanzia Nyuma

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu wetu huko Iyolwa. Wasemaji walikuwa wengi. Walisifu hesabu zake, fimbo yake, ukimya wake. Mpira hakuna aliyeutaja. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu, nikabaki chini ya turubai na kikombe changu cha uji. Ngoja nikusimulie wewe.

Uwanja wa shule yetu ulipakana na shamba la wimbi, yaani ulezi, la jirani, mama mmoja mjane asiyecheka na mtu. Shule nzima ilikuwa na mpira mmoja. Ukipigwa juu ukaangukia wimbi lake, aliuchukua akauweka chini ya kiti chake. "Mpira nakaa hapa," alisema. "Aliyepiga akuje kulima." Basi aliyepiga alipalilia mstari mzima, wenzake wakimsubiri na kumlaani. Mimi nilikuwa beki, nimepalilia mistari mingi.

Mwalimu hakugombana naye. Alitufundisha kuuweka mpira chini. Kipa ampe beki, beki ampe mwenzake, akibanwa aurudishe kwa kipa, hata mara kumi, mpaka njia ifunguke. "Mpira hauchoki," alikuwa akisema. "Anayechoka ni anayeukimbiza." Kila jioni, baada ya kuchota maji, tulipasiana mpaka vumbi likatuganda midomoni.

Wazazi hawakupenda. Kwao beki ni yule anayepiga mpira ukapotea angani. Tulipofungwa mara mbili kwa kupokonywa mbele ya goli letu, mwalimu mkuu alisema wazi gwarideni, mbele ya shule nzima: tukifungwa na watoto wa Busia mjini, timu atapewa mtu mwingine.

Wakaja Ijumaa, wamevaa viatu. Sisi miguu mitupu. Mapema tu kipa akanipa mpira, nikasita, mshambuliaji wao akaninyang'anya na kufunga. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

"Piga mbele, wewe! Unachemsha chai hapo nyuma?" mzazi mmoja akapaza sauti.

"Mwalimu, hawa ni mabeki ama wachunga mbuzi?" baba mwingine akadakia.

Nilimtazama mwalimu nikijua atanitoa. Alikuwa amechutama kando ya mstari, anatafuna jani la nyasi.

"Omba mpira tena," akaniambia.

Nikaomba tena. Nikampa beki wa kushoto, akanirudishia, nikampa kipa. Watu wakazomea. Wale wenye viatu wakatufuata wote, kama kuku wanaofuata mtama, na kipindi cha pili wakaanza kushika magoti. Hapo nikaona wameacha katikati wazi. Nikausukuma mpira chini chini hadi kwa kiungo wetu, kiungo akampa winga, winga akampa mshambuliaji, naye akamalizia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuinua. Yule baba aliyetuita wachunga mbuzi aliingia uwanjani na gambuti zake za matope miguuni, anarukaruka. "Chemsheni chai, wanangu! Chemsheni!"

Hatukushinda, sitakudanganya. Ilikuwa sare, bao moja kila upande. Lakini mwalimu alibaki na timu yake, nasi tukacheza vile vile mpaka tulipomaliza darasa la saba. Nimetazama mechi nyingi tangu hapo, na bado sijaona wanaotushinda kwa subira.

Sasa pale uwanjani pamejengwa madarasa mapya, na watoto hucheza kwenye kipande cha barabara, wakipisha bodaboda. Kipa wetu anavua samaki ziwani, huko Majanji. Beki wa kushoto alitangulia kabla ya mwalimu. Tuliojua kurudishiana mpira bila hata kutazamana tumebaki wachache, na tukikutana ni kwenye mazishi.

Sikuwahi kufunga bao maishani mwangu. Lakini lile lilianzia mguuni kwangu, mguu uleule uliokosea, na mwalimu aliyeniamini tena hakuwahi kusikia asante yangu. Nilikuwa mtoto; nilidhani ni kazi yake.