Aliyefagiliwa Nyuma

Nilipokuwa mtoto, tukikaa ghorofa ya tatu huko Parklands, ufagio wetu ulikuwa na siku zake za kufichwa. Msafiri akishatoka, nyumba haifagiliwi mpaka ifike habari kwamba amewasili. Ukifagia mapema unafuta nyayo zake, na hatarudi tena. Bibi, mama yake Baba, alikuja na imani hiyo kutoka Lamu, lakini aliyeishika zaidi ni Mama. Hata Baba akienda Nakuru kwa siku moja, Mama aliurusha ufagio juu ya kabati.

Bibi aliieleza dunia nzima kwa ufagio. Babu yetu mkubwa alivuka bahari kutoka Shihiri, kwa Waarabu, na nilipouliza kwa nini, Bibi alinijibu bila kufikiri.

"Alifagiliwa nyuma, mjukuu wangu. Kuna mtu kwao hakumtaka."

Basi mwalimu wa darasa la tano alipotuuliza kwa nini watu wa kale walihama na kuvuka bahari, wenzangu wakasema njaa, vita, biashara. Mimi nikasema walifagiliwa. Darasa zima likavunjika mbavu.

"Wewe Zuhura, hiyo maneno umetoa wapi? Andika ukame."

Niliandika ukame, lakini sikumwamini.

Muhula huo huo Baba alipata kazi Doha. Miezi sita tu, alisema. Nilimtilia shaka tangu alipofunga sanduku, maana alitia hata kanzu zake zote za Idi na ile redio mbovu. Mtu wa miezi sita anabeba redio mbovu ya nini? Teksi ilipoondoka asubuhi, Mama alirudi ndani na kunipa ufagio.

"Fagia sebule kabla hujaenda shule."

Nikafagia. Akili yangu ilikuwa kwenye basi la shule.

Bibi alitoka chumbani akakuta sakafu inang'aa. "Umemfukuza mwanangu!" alinipigia kelele. Nilimtazama Mama aseme neno. Alikuwa akikoroga chai.

Baba hakurudi. Tulisikia ameoa huko huko. Nilijua ni mimi niliyemfukuza, na niliibeba hatia hiyo hadi nikaolewa na kuhamia Uthiru.

Mwaka huu mume wangu alisafiri kwenda Kisumu wakati Mama amekuja kunitembelea. Mlango haujafungwa vizuri, tayari ameuficha ufagio nyuma ya friji. Shaka ikanishika.

"Mama, siku ile ya Baba ulisahau?"

"Sikusahau."

Baba alikuwa akimpiga. Sote tulisikia, Bibi pia, na sote tulijifanya hatusikii. Nilikumbuka kwamba baada ya safari ile ndipo Mama alipoanza kuvaa mikono mifupi nyumbani. Hata hivyo nilimkasirikia, sitasema uongo.

"Mbona hukufagia mwenyewe?"

"Nilijaribu, mwanangu. Mikono ilikuwa inatetemeka."

Tangu siku hiyo namshuku hata yule babu wa Shihiri. Huenda naye aliacha mke aliyesubiri tu merikebu ing'oe nanga. Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na swali lile lile la watu wa kale. Nilimwambia aandike ukame, vita na biashara, kisha aache mstari mmoja mtupu, amuulize bibi yake, mama yangu.