Pickup ya marehemu mzee na ile gap ya plagi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii ninayowaletea imenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka sasa bado nashangaa.

Naishi Amalemba hapa Kakamega town, lakini nyumbani ni Kabras. Mzee alipofariki alituachia pickup ya petroli, ile ya zamani yenye carburetor. Alikuwa anabebea mbegu ya miwa na mbolea.

Baada ya mazishi nikawa ndiye dereva. Visirani vikaanza.

Barabara tambarare inaenda vizuri tu. Ipakie mzigo, ufike kale kamlima ka kuingia kwetu: inakohoa, inarukaruka, inazima. Majirani wakazoea kusukuma. Na vile watu wa kwetu hawakosi maneno, wakasema imeamua kumfuata mwenyewe.

Nikabadilisha fuel filter, lile chujio la petroli. Carburetor ikasafishwa. Plagi nazo, zile za kutoa cheche kwenye injini, nilikuwa nazitoa kila mara nazisugua na msasa hadi zinang'aa, kama nilivyomuona mzee akifanya tangu nikiwa mdogo. Wapi.

Mama akachoka. Akapata mnunuzi wa Butali, akaniambia atakuja Jumapili baada ya kanisa.

"Sitaki kuona gari ya baba yako ikigeuka nyumba ya kuku," akasema. "Heri iende."

Iliniuma wakuu, sitadanganya. Ukifungua mlango wa hiyo gari bado inanukia mzee.

Jumamosi asubuhi nikiwa nyumbani nikampigia simu fundi mmoja wa town, nikamweleza yote. Akauliza kitu kimoja tu.

"Hizo plagi unasuguanga hivyo, gap unapimanga?"

Nikamuuliza gap ni nini.

Akanifafanulia. Mdomoni mwa plagi kuna nafasi ndogo, na cheche huruka hapo. Kila ukisugua na msasa unakula chuma, nafasi inapanuka. Ukiwa tambarare cheche inajikaza inavuka. Ukiwa mlimani na mzigo, presha ndani ya injini ni kubwa, cheche inashindwa.

Ndipo nikakumbuka kwamba mzee akimaliza kusugua alikuwa anagongagonga plagi polepole kwenye bampa. Nilidhani anakung'uta uchafu. Kumbe kazi yake nilikuwa nimeiga nusu.

Nikafungua kidroo cha dashibodi. Humo kuna kadude ka vijibati vyembamba vilivyokunjwa pamoja kama kisu cha mfukoni, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Miaka yote nilijua ni ka kukwangua uchafu. Nikapiga picha nikamtumia fundi, akasema hiyo ndiyo feeler gauge yenyewe, ya kupimia gap.

Sasa sikieni hii. Vijibati vyote vilikuwa vyeusi kwa oili ya zamani. Kimoja tu ndicho kilikuwa kinang'aa, kimelainika kwa vidole. Kimeandikwa 0.8.

Nikainua bonet, nikapangusa vumbi kwenye kibandiko. Gap ya plagi: 0.8 mm.

Nikafungua plagi ya kwanza.

Nikaingiza hicho kijibati kwenye plagi yangu, kikawa kinacheza bila kugusa. Nikagonga polepole, nikapima, nikagonga tena, hadi kikapita kwa kukwaruza kidogo tu. Nikafanya zote.

Nikashuka shamba la chini, nikapakia mbegu ya miwa mpaka juu, nikarudi. Wakuu, kale kamlima ilikapanda kwa sauti moja, bila kukohoa hata kidogo. Nafasi ambayo hata njiti ya kiberiti haipiti, ndiyo ilikuwa imeangusha gari nzima. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye usukani.

Kufika nyumbani, mama amesimama mlangoni. Kikombe cha mzee kiko mezani, chai imeshamiminwa.

"Nimesikia gari ikipanda nikamwekea chai," akasema. "Nilisahau, mwanangu."

Halafu akachukua simu, akamwambia yule mnunuzi asijisumbue kuja.

Ile chai nilikunywa mimi.

Nilichojifunza: ukisugua plagi, pima. Na kipimo usikikisie, kila gari ina chake, tafuta kwenye kitabu chake au chini ya bonet.

Wenye mmebaki na gari za wazee wenu, hebu semeni hapa zinatembeaje.